Waya Kwenye Uzio wa Kusini

Jumamosi, 5 Aprili
Nimetembeza wageni kumi na mmoja hifadhini. Baridi imeanza, nyasi zinageuka kahawia. Pundamilia wanne, nyumbu, mbuni mmoja. Pembe-moja hakuonekana. Swala wangu huyo. Pembe ya kushoto ilivunjika mwaka juzi, na mwaka huu amezaa. Wageni wanampenda. Mimi zaidi.

Kabeya, fundi wetu, alikuwa anaziba uzio. Mkongomani wa Lubumbashi. Ndiye aliyenipeleka kwa meneja nilipokuwa sina kazi, nalala sakafuni kwa shangazi, mtaa wa Joubert Park mjini. Miaka sita sasa. Nimemgawia chapati.

Jumapili, 6 Aprili
Nimemwona Pembe-moja. Anachechemea. Waya wa mtego umemwingia mguu wa nyuma mpaka mfupani. Mtoto wake anamzungukazunguka. Nimempigia daktari wa wanyama.

Jumanne, 8 Aprili
Daktari wa wanyama alikuja jana, hakumpata. Leo tumepita kichakani, mimi na Kabeya, kutafuta mitego. Tumetoa saba. Yote aliiona yeye. Alikuwa anainama kabla sijaona kitu.
Sipendi ninachowaza.

Jumatano, 9 Aprili
Nimeingia stoo kuchukua ndoo. Nyuma ya magunia, mitego mingine, imeshafungwa vitanzi. Waya wa uzio wetu wenyewe. Wenye funguo ni watatu: meneja, mimi, Kabeya.
Niligeuza ndoo nikaikalia.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimemuuliza Kabeya. Hakukana.
"Eish, dada. Ni mie. Batoto balale na njaa?"
"Katoe iliyobaki. Leo hii."
"Nitatoa. Ila usiseme kwa meneja. Karatasi zangu za kukaa huku ziliisha, unajua."
Najua. Nimekubali kunyamaza. Mjinga mimi.

Jumamosi, 12 Aprili
Wageni tisa. Tumemkuta Pembe-moja karibu na uzio wa kusini, shingo imenasa kwenye mtego mwingine. Bado anapumua. Mama mmoja akaanza kupiga kelele. Tangu Jumanne natembea na plaisi. Nimekata waya. Amekufa nimemshika kichwa.
Kabeya hakutoa. Au alitoa, akasahau mmoja. Sitajua.
Nimekwenda kwa meneja na damu kwenye mikono. Nimesema yote, pamoja na siku mbili nilizonyamaza.

Jumatatu, 14 Aprili
Polisi wamemchukua Kabeya getini. Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Mwambie mama ya batoto."
Nimekwenda kwao, mtaa wa Doornfontein. Mke wake anasuka nywele kwenye kisaluni cha chini ya fleti yao. Nimemwambia mumewe kakamatwa. Nimemwambia na aliyemripoti ni nani. Hakugeuka. Aliendelea kusuka. Mteja ndiye aliyenitazama, kwenye kioo, mpaka nikatoka.
Meneja amenipa barua ya onyo. Nimesaini bila kuisoma.

Ijumaa, 18 Aprili
Sijaenda kazini. Naumwa, nimewaambia. Siumwi.

Jumamosi, 3 Mei
Wageni wanne. Upepo. Kabeya bado kafungwa, wanasema atarudishwa Kongo. Mke wake hapokei simu yangu.
Fundi mpya wa uzio ameanza leo. Mtu mpole. Aliniuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha.
Nyasi zimekauka zote, sasa mtu anaona mbali. Mbweha alikuja kunywa maji, akakaa kidogo, akaenda zake. Wageni walipiga picha. Nikawaambia anaitwa nani na anakula nini.
Nimefunga geti saa kumi na moja.