Hakuna Swali Lingine

Riruta,
Jumatano jioni.

Kwa kaka yangu Makau,

Pokea salamu za nyumbani kabla ya mengine yote. U hali gani huko kambini? Kile kikohozi kimeisha, au bado unamficha daktari? Sisi tunaendelea vizuri. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua baridi ikizidi, na cherehani yake bado inapiga kelele hadi majirani wanagonga ukuta. Mimi pia sijambo, ingawa usingizi umenikataa wiki hii. Sababu utaijua ukisoma hadi chini, kwa hivyo usirukeruke kama unavyofanya na magazeti.

Nimeandika kwa kalamu kwa kuwa simu zenu zimechukuliwa. Asubuhi nitaipeleka barua hii Ngara, kwa dada yake Mbaluka, mwenzako wa kikosi. Mbaluka anamaliza likizo na kurudi kambini kesho, na ameapa utaipata kabla ya Ijumaa mnapoandikisha majina ya kwenda vitani. Ukiikuta na madoa ya chai, ni yeye.

Jumapili pasta aliwaomba wenye mtu jeshini wasimame waombewe. Ndivyo anavyofanya tangu habari za vita vya ng'ambo ya mpaka zianze. Kanisa lilikuwa limejaa hadi wengine wakakaa nje kwenye viti vya plastiki. Mama akasimama, nami nikasimama naye. Nilipogeuka, tulikuwa sisi wawili tu. Sitasema uongo, tuliombewa kwa moyo, na wako waliolia. Tulipotoka, mzee Macharia, mwenye ploti tunayopanga, alimshika Mama mkono akamwambia kwamba nchi nzima inajivunia mwanawe. Akaeleza kwamba yeye anaunga mkono vita hivi kwa kuwa havimsumbui mwananchi: wanaoenda wamejitolea wenyewe, na unga haujapanda bei, maana pesa zimekopwa. Mwanawe Karanja anafanya kazi benki, na mwanawe mwingine, Ken, anasoma ng'ambo. Mama alimshukuru. Mimi nikamvuta Mama twende nyumbani.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa mwisho, ule wa kabla simu hazijachukuliwa. Uliniambia umesoma gazetini kwamba Wakenya wanane kwa kila kumi wanaunga mkono vita. Ukasema kama nchi imesimama nanyi hivyo, utabakije kambini wenzako wakienda, na kwamba Ijumaa utaandikisha jina. Makau, hiyo hesabu naijua. Ilitoka ofisini kwetu.

Ile kazi yangu ya Hurlingham, ya kupigia watu simu na kuuliza maoni, ndiyo iliyoizaa. Tulipewa maneno ya kusoma, na hatukuruhusiwa kubadilisha hata moja. Tulimwambia mtu kwamba kodi haitaongezwa, gharama zitatokana na mkopo, na watakaokwenda ni askari waliojitolea. Ndipo tukauliza kama anaunga mkono. Watu walikuwa wakisema ndiyo kabla sijamaliza kusoma. Wengine nilisikia wakiendelea kuuza dukani huku wakinijibu.

Mwanzoni kulikuwa na maswali mengine mawili. La kwanza liliuliza kama ungeunga mkono iwapo kodi ingepandishwa sasa hivi kulipia vita. La pili liliuliza kama ungekubali iwapo mwanao angeitwa kwa lazima. Hapo sauti zilibadilika. Jamaa mmoja wa duka la jumla, aliyekuwa amenihubiria habari za uzalendo hadi sikio likaniuma, aliponisikia nikimtaja mwanawe aliniuliza nani amenipa habari za watoto wake, akanikatia simu. Mama mmoja alilia, na mwanawe, alivyoniambia, bado yuko chekechea. Wale wanane walipungua hadi nikashindwa kuwaona. Haikupita wiki, Bi Nyokabi, msimamizi wetu, akatuambia mwenye kazi, yule anayelipia maswali, ameagiza maswali hayo yaondolewe, eti yanawachanganya watu. Tukayaondoa. Niliudhika, lakini niliendelea kupiga simu, maana sheria ya pale ni kusoma ulichopewa.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Namba tunazopiga huchaguliwa na kompyuta. Alhamisi moja, kabla hesabu haijatoka gazetini, iliniletea namba ya Mama. Sheria inasema ukimfahamu mtu umruke, nami ningeweza kumruka. Sikumruka. Nilitaka kusikia atasema nini, nikijua kabisa kwamba atakataa, na kwamba nitapata angalau hapana moja ya maana.

Nikamsalimu kwa sauti ya ofisini. Mama anajua simu zetu hurekodiwa, na kwamba mwenzangu Syokimau alifutwa kazi kwa kumsalimu shangazi yake, basi naye akanijibu kama mgeni. Nikamsomea habari za kodi, za mkopo, za waliojitolea.  Kisha akasema niandike ndiyo. Nikaandika. Akauliza kama hakuna swali lingine. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, polepole, kama nina hakika hakuna swali lingine. Nikamwambia nina hakika. Akanishukuru, akaniuliza kama nimekula, ndipo akakata.

Tulikaa na jambo hilo ndani ya nyumba, kila mtu akimzunguka mwenzake. Jana nilishindwa, nikamuuliza kwa nini alisema ndiyo. Akaniambia aliogopa sauti yake ikikataa itafika kambini na wewe uonekane mwana wa mama mwoga. Alikuwa akingoja kuulizwa habari za mwanawe, kwa sababu hapo, alisema, asingeweza kudanganya.

Basi ukihesabu wale wanane waliokutia moyo, Mama ni mmoja wao, na mimi ndiye niliyemwandika. Nisamehe. Mama amenikataza kukushawishi. Anasema wewe ni mtu mzima na kiapo ni chako. Lakini mimi si Mama, nami nasema wazi kwamba sitaki uende. Naogopa, Makau.

Hata hivyo kuna swali ambalo hakuna aliyekuuliza: si gazeti, si mzee Macharia, wala sisi tuliosimama kanisani. Nakuuliza mimi, na hapa hakuna anayerekodi. Weka kando kodi, mkopo na wale wanane. Wewe mwenyewe unataka kwenda? Mpe Mbaluka jibu kwa mdomo; dada yake anakuja kumwona kambini Jumamosi, naye atanifikishia. Ukisema ndiyo nitaandika ndiyo, ukisema hapana nitaandika hapana, na Jumapili nitasimama tena na Mama vyovyote itakavyokuwa.

Mama anakusalimu sana. Amekufumia sweta, lakini amekataa kumpa Mbaluka. Anasema utakuja kuichukua mwenyewe.

Ni mimi dadako,
Wavinya Kilonzo.