Mama na Ubao wa Gololi

Ukunda, Jumamosi, 1998

Bado ninacheka peke yangu! Dada Mwanasha amekuja kutoka Ramisi na ule ubao wa gololi aliotutengenezea marehemu baba, wenye misumari, vitundu na mpira wa kufyatulia. Mimi nilidhani ulishakuwa kuni zamani.

Tukaketi sakafuni, tukacheza kwa kelele kama watoto. Mama akatoka chumbani. Tangu msiba hazungumzi sana, na hilo linanitia hofu. Nikajua tutakemewa.

"Hebu nipisheni," akasema. Akafyatua gololi, ikaingia moja kwa moja kwenye kitundu cha juu, ambacho sisi hatujawahi kukipata.

"Mama! Umejifunza wapi?"

"Nyinyi mkienda shule, mimi na baba yenu tulikuwa tukicheza."

Akacheka mpaka mtandio ukamvuka.