Kompyuta Iliyokanyagwa na Lori Lusahunga

Nyabusozi, Biharamulo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Limekuruhusu kupalilia maharage? Kabla hujasoma mengine, jua kwamba mimi ni mzima. Mkono tu ndio umechubuka, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Wiki iliyopita nilitoka Lusahunga kwa pikipiki. Mkobani nilikuwa na ile kompyuta ndogo ya shule, nyepesi kama sahani, ambayo kazi zake zote hufanyika mtandaoni. Lori likatupita kwa kasi, pikipiki ikayumba, tukaangukia mtaroni. Mkoba ukarukia barabarani, lori la pili likaukanyaga. Mama, niliisikia kompyuta ikipasuka kama muwa!

Nililia. Niliamini masomo yote ya baiolojia niliyowaandikia kidato cha nne yamepotea, na vitabu hatuna, na mtihani umekaribia. Dereva wa pikipiki, Masanja, ambaye mkono wake ulikuwa umevunjika, ndiye aliyeniuliza, "Mwalimu, umeumia?" Nikaona haya, nikamfunga mkono kwa kitenge changu mpaka tukapata gari la kumpeleka hospitali.

Shuleni, Mwalimu Lubinza, yule Msukuma wa Shinyanga anayezidharau kompyuta hizi, akanipa nyingine ya aina ileile. "Haya, ingia kwa jina lako tuone."

Nikaandika jina na neno la siri. Mama, niliruka kutoka kitini! Masomo yote yalikuwepo, hata mchoro wa moyo niliouacha nusu. Lubinza akashika kichwa.

"Yalikuwa wapi haya?"

"Sijui. Labda Ulaya."

"Ulaya! Na huko nani anayasoma?"

Nikaendelea kuuchora moyo. Kesho yake mtandao ukakatika kutwa nzima, nikarudi kwenye chaki. Hata hivyo Lubinza mwenyewe amekubali kwamba mashine hizi zinafaa huku kwetu, mradi mnara wa mtandao usizimike. Sasa mtandao ukiwepo, wanafunzi wananakili masomo kwenye madaftari, naye ndiye anayewasimamia.

Jumamosi nitakwenda kumwona Masanja. Mkono umewekwa plasta, na mkewe alijifungua siku ileile ya ajali. Ni mtoto wa kike, wamempa jina langu kwa ajili ya kile kitenge. Nimeduwaa mpaka leo.

Nisalimie kaka Deo na watoto wake, shangazi wa Ntobeye, na katekista wetu. Baba naye msalimie sana, ila usimsomee barua hii mpaka amalize kula.

Binti yako akupendaye,
Editha