Mwiko wa Bibi Ndani ya Besi

Ole, Pemba
8 Januari 2025

Mjomba Thuwein,

Nimeiua besi yako. Hakuna anayejua, si Mama, si Bibi, wala Nadhira rafiki yangu ambaye namwambia kila kitu.

Sasa shikamoo, na assalaam alaykum. Nisamehe kwa kutanguliza kosa mbele ya salamu. Barua hii nimeianza mara tatu kwa salamu, na mara zote tatu karatasi imekwisha nikikuuliza hali tu. Natumai u mzima huko Unguja. Sisi hatujambo. Magoti ya Bibi ndiyo yanayomsumbua, na Baba yumo kwenye karafuu zake.

Mie ni Jawaher, wa dada yako Rahila. Uliniacha nina miaka minane, sasa nina kumi na saba. Nimemaliza skuli Novemba na nasubiri matokeo ya kidato cha nne.

Mwezi uliopita Baba alinituma ghalani nikachukue jamvi la kuanikia karafuu. Nililovuta ndilo lililokuwa limeifunika besi yako, ile fidla kubwa iliyonipita urefu. Mjomba, wenzangu wakisikiliza taarab kwenye redio humfuata mwimbaji. Mie tangu mdogo namfuata yule wa chini, anayekwenda polepole kama mtu aliyebeba mzigo wa wote na hataki wajue. Nilidhani ni aina ya ngoma. Siku nilipouvuta ule uzi mnene nikamjua. Kumbe alikuwa nyumbani kwetu miaka yote.

Basi nikawa naipiga kila siku baada ya adhuhuri, kwa kidole kimoja, Baba akiwa shamba na Mama kajinyoosha. Alhamisi iliyopita nililegeza nyuzi zote nne ili nifute vumbi. Nikasikia kitu kinagongagonga ndani. Nikasema ni konyo, kile kijiti cha kishada cha karafuu, maana ghala lote limejaa makonyo. Nikailaza, nikaibiringisha, kikatoka kijiti kilichonyooka, urefu wa shubiri, unene wa kidole gumba. Nikakitia motoni chini ya birika la chai.

Nilipozikaza nyuzi sauti haikurudi. Sasa inakoroma kama mtu mwenye mafua aliyejifunika blanketi.

Na jana Mama katusomea ujumbe wako kwamba unakuja kuichukua katika Ramadhani. Baba akasema, "Na aichukue, ghala lipumue." Mie nikatoka nje. Simu hupokei, na simu ya nyumbani ni moja, kila mtu anaifungua. Ndiyo maana nakuandikia. Niambie kile kijiti kilikuwa nini, na kama kuna dawa. Naomba usimwambie Mama.

Mwanao,
Jawaher


Unguja
19 Januari 2025

Mwanangu Jawaher,

Waalaykum salaam na marahaba. Mimi mzima, isipokuwa mambo madogo ya umri. Mpe pole Bibi kwa magoti, lakini usiseme imetoka kwangu, maana atauliza tumezungumza lini.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani kachungulia dirishani. Kisha nikakaa kitako. Miaka thelathini napiga besi. Nimeona besi iliyonyeshewa, iliyokanyagwa, moja ilikaliwa na shangazi wa bwana harusi. Iliyochemshiwa chai ndiyo kwanza yako. Ilikuwa tamu, hiyo chai?

Kijiti kile sisi wa klabu ya taarab tunakiita roho. Kinasimama ndani baina ya tumbo la besi na mgongo wake. Hakina gundi wala msumari, kimeshikwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukizilegeza zote kwa mara moja, kinaanguka. Hukuambiwa, na hapana wa kukwambia, kwa hivyo kosa ni langu niliyeiacha bila maneno.

Dawa ipo. Tafuta mti mkavu, mwepesi, ulionyooka. Uchonge uwe mviringo, urefu ule ule. Uupitishe kwenye tundu refu la ubavuni kwa waya uliopinda, uusimamishe nyuma kidogo ya ule mguu wa kibao kinachobeba nyuzi, upande wa uzi mwembamba. Nyuzi zilegeze, usizitoe. Ikianguka, anza tena. Itaanguka.

Nami nilitaka fidla, unajua? Nikapewa besi kwa sababu ya urefu wangu. Nilinuna mwaka mzima. Halafu siku moja mpiga udi wetu alipotea katikati ya wimbo. Akanitazama, nikampa sauti moja tu, akarudi njiani. Tangu hapo sikutaka kingine. Mpiga besi akisifiwa sana, jua kuna mahali kapita kiasi.

Fanya haraka kidogo, mwanangu. Naihitaji kuliko ninavyoweza kueleza. Na tuendelee kwa barua, simu tuiache.

Mjomba wako,
Thuwein


Ole
2 Februari 2025

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u salama. Matokeo yametoka, nimepata daraja la tatu. Mama kafurahi, Baba kasema "alhamdulillahi" halafu akauliza nitafanya nini sasa. Ningesema nina kijiti cha kusimamisha.

Roho ya kwanza niliichonga kwa mti wa muhogo kwa kuwa ulikuwa karibu. Usinicheke. Nilipokaza uzi wa pili ikapondeka kama ndizi. Ya pili ilikuwa ya mkarafuu, nzito, ikanipasua kidole na haikuingia tunduni. Nikatafuta mti mkavu kila mahali. Hatimaye nikauona jikoni, umenyooka, umekaushwa kwa miaka na moshi: mpini wa mwiko wa Bibi.

Nimeukata, mjomba. Sasa Bibi Umkulthum kaigeuza nyumba juu chini. "Nani kala mwiko wangu? Wali mnakula, ugali mnakula, sasa na mwiko?" Baba akamwambia labda kauchukua paka. "Paka wa kwenu anapika?" Wakacheka wote. Mie nilikuwa nimeinamia sahani yangu, masikio yanawaka.

Saizi yake inakaa, lakini haisimami. Imeanguka mara kumi na moja. Naimulika kwa tochi, naiona imesimama, nakaza, inalala. Usingizi wangu wote umejaa kijiti kinachoanguka.

Na kuna jambo la Mama. Jana kakupigia simu mara nne akupe habari ya matokeo yangu. Simu ikaita mpaka ikakatika. Kaiweka chini, kasema, "Kaka yangu keshakuwa mtu mkubwa. Thuwein tangu mdogo ni vile vile. Hasikii." Kisha akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Mjomba, sina adabu ya kukuuliza, lakini kwa nini hupokei? Ana miaka mitatu anasema hivyo.

Mwanao,
Jawaher


Unguja
13 Februari 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Hongera kwa matokeo, nimeyafurahia kuliko unavyoona kwenye karatasi hii. Na kidole kikoje?

Barua yako nimeisoma na kuiweka siku nne. Mamako kasema kweli, ila hajui kasema kweli gani. Sisikii, Jawaher.

Sikio la kulia lilianza na mlio kama wa nyenje, miaka mitatu sasa. Likazimika. La kushoto linalifuata. Daktari kasema hayarudi. Simu naiona inawaka, nikiiweka sikioni napata upepo tu. Ningemwambia nini Rahila? Angelia, angemwambia mtu, na Unguja na Pemba ni kama chumba na ukumbi. Klabu ikijua, sina kazi. Na si kazi tu. Toa besi kwangu, uone kitakachobaki.

Klabuni natazama mguu wa mpiga ngoma ya dumbaki na mabega ya wapiga fidla. Nimekwenda hivyo mwaka mzima. Lakini besi ya zamani ya klabu imepasuka, wameleta gitaa la besi la umeme. Sauti yake inatokea kwenye spika, mbali na mwili wangu, siipati. Harusi ya mwezi wa kumi na mbili nilipiga wimbo mzima pasipo pake. Mwimbaji kageuka. Mzee Ngwali, kiongozi wetu, kanifuata baadaye: "Yakhe Thuwein, leo ulikuwa nchi gani?" Nikamwambia gitaa lina kasoro, nitaleta besi yangu mwenyewe. Kanipa mpaka Idi pili, siku tutakayopiga redioni. Ikienda vibaya, kuna mwengine anangoja kiti.

Besi ya mti inaegemea bega na tumbo. Ile nitaisikia kwa mifupa. Ndiyo maana nilisema naihitaji.

Sasa nawe una siri yangu kama nilivyo na yako. Mamako asijue.

Mjomba wako,
Thuwein


Ole
26 Februari 2025

Mjomba,

Assalaam alaykum. Leo sijui nikuulize hali vipi, maana sasa kila neno la salamu lina "kusikia" ndani yake. Sisi wazima.

Roho imesimama. Nilipunguza ncha zake ziwe na mwinamo kidogo, kama mgongo wa besi ulivyo ndani, ikakamata. Lakini baada ya barua yako sikuona kama kulia kwake kunatosha. Nilitaka ijulikane na asiyesikia. Basi nikajaza pamba masikioni, nikajifunga kanga mbili kichwani, nikaiegemea begani na kupiga.

Uzi mnene ulinifika tumboni mara moja. Wa pili ulinifika kifuani. Wa tatu kidogo, kwenye mfupa wa shingo. Mwembamba haukunifika kabisa. Nikaisogeza roho unene wa ukucha, nikapiga. Nikaisogeza tena. Siku sita, mjomba. Jumamosi uzi mwembamba ulinifika kwenye meno. Nikalia, kisha nikapiga tena ili nihakikishe.

Nilipofungua macho, Baba alikuwa mlangoni.

Sikusikia akiingia. Sijui alisimama muda gani. Niliona midomo yake inakwenda tu. Nikavua kanga, nikatoa pamba.

"Nimekwita mara tatu," kasema. "Husikii?"

Kaitazama besi, kaitazama pamba mkononi mwangu, kautazama mwiko usio na mpini pale sakafuni. Kasema, "Funga mlango, vumbi linaingia." Akaenda zake.

Leo siku ya nne, hajasema neno. Hajamwambia Mama, hajanikataza, hajaniita. Akikohoa tu nadhani sasa anaanza. Mjomba, njoo haraka kabla hajasema. Na ukija, nitakugusa mkono kabla ya kusema nawe, ili ujue nipo. Usishangae.

Mwanao,
Jawaher


Ole
5 Aprili 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na Idi njema ijapokuwa imeshapita. Natumai mwili una nguvu na bega haliumi kwa kubeba.

Yale uliyoyaona ulipokuja huna haja ya kuandikiwa. Nakuandikia usiyoyasikia.

Uliposhuka kwenye gari, Mama alikuita kutoka jikoni, mara tatu. Hukugeuka. Akaniambia, "Unaona? Kwa macho yangu. Hasikii." Akarudi kukuna nazi kwa hasira mpaka kidole kikapata jeraha.

Kisha tukaenda ghalani. Uliiegemeza besi begani, ukafumba macho, ukavuta uzi mwembamba. Ukaniambia, "Hapa hapa. Nani kakufunza?" Wakati huo Bibi alikuwa mlangoni na sufuria, na kifuniko kikamponyoka. Kilianguka kwenye saruji kama bati la paa. Kuku waliruka, Baba karuka, mie nikaziba masikio. Wewe ulikuwa unatabasamu tu, macho umeyafumba.

Mama alikuwa nyuma ya Bibi.

Ulipoanza kuifunga besi kwa kamba, alikuja mpaka nyuma yako kabisa, akasema polepole, "Thuwein, miaka mitatu nimekukasirikia." Ukaendelea kufunga fundo. Baba alisikia, nami nilisikia. Ndipo akakuzunguka, akasimama mbele yako, akasema kwa midomo mikubwa, "Futari tayari." Nawe ukajibu, "Haya, dada." Hayo ndiyo uliyoyapata wewe.

Wallahi sikumwambia. Aliniuliza mara moja tu, baada ya wewe kuondoka: "Kwa nini ulikuwa unamgusa kabla ya kusema naye?" Unajua mie kunyamaza naweza.

Idi pili tulikaa wote mbele ya redio. Fidla zikaingia, nyuzi za kanuni zikaingia, halafu ukaja wewe. Kwenye ubeti wa pili ulichelewa, kidogo sana, nikajua umeutafuta mguu wa mpiga dumbaki. Kisha hukupotea tena mpaka mwisho. Bibi kasema, "Huyo wa chini leo kaamka!" Hajui kwamba alikuwa anausikiliza mwiko wake. Mama aliweka kiganja juu ya redio, akakiacha pale mpaka taarifa ya habari.

Baba kamchongea Bibi mwiko mpya. Hajauliza wa zamani ulikwenda wapi. Mie bado namwogopa akikohoa. Na ghalani pamebaki kitundu sakafuni pale uliposimama mguu wa chuma wa besi. Nikifagia nakikwepa.

Sasa lililobaki. Mama hataki ujue kwamba anajua. Kasema, "Akitaka kuniambia, ataniambia mwenyewe. Na wewe usimwandikie." Nami nimekuandikia. Kwa hivyo ukija Idi kubwa, ukimwona anakuzunguka ili asimame mbele yako kabla ya kusema, usimuulize kwa nini. Na akijisahau akakuita kwa nyuma, muache. Anajifunza.

Nakuomba, mjomba, siri hii isitoke kwako. Hata kwa Mama. Kwake hasa.

Mwanao,
Jawaher