Neno la Kwanza la Dada Mwantumu

Mkumbara,
Korogwe.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Ukasha,

Shikamoo. Za huko Mtwara? Kile kifua kimepoa? Wifi Shida na watoto hawajambo? Sisi wazima, na mahindi mwaka huu yamekubali.

Usishtuke kuona barua. Habari ni njema, ila kwenye simu ningelia nisimalize.

Unajua tangu kile kiharusi dada Mwantumu hakutoa neno. Mkono ulianza kurudi, ulimi ukagoma. Muuguzi alisema tumzungumzishe. Kila asubuhi shemeji Sadala anambembeleza, "Sema maji, mke wangu. Sema chai." Dada anageukia ukutani. Mwalimu wa biolojia afundishwe kusema maji! Nikaanza kuogopa kwamba ameshakata tamaa.

Juzi nikachukua kitabu chake cha kufundishia, nikamsomea kwa Kiingereza changu cha darasa la saba. Nikafika kwenye lile neno la mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, photosynthesis. Nikalisoma Kiswahili-Kiswahili, nikakaza silabi ya pili kutoka mwisho: fo-to-sin-SE-sis.

Akakunja uso. Nikarudia vilevile. Akapiga godoro kwa kiganja.

"Sin!"

Kaka, kitabu kiliniponyoka. Sadala akaja mbio kutoka uani. Dada akanishika mkono, akanigongea silabi moja moja kiganjani: fo, to, sin, the, sis, ile ya katikati akiikaza. Mdomo umepinda, jasho linamtoka, lakini akafika mwisho. Kwenye "the" akatoa ulimi kati ya meno niuone, kama alivyowafanyia wanafunzi wake, akasubiri niige.

Sasa kila neno tunalikata hivyo. Ma-ji. Cha-i. Jana akasema "Sa-da-la," shemeji akatoka nje akijifanya anaangalia mbuzi.

Hajapona, nisikudanganye. Maneno mengine yanampotea katikati, anakasirika, anajifunika shuka.

Sadala anakusalimu sana. Wasalimie wifi na wanao, Mungu awafunike kwa rehema zake.

Dada anataka kuongea na wewe. Piga Jumapili mchana. Ukisikia kimya usikate, wala usimsaidie neno. Msubiri tu, kaka. Atakuwa analitafuta jina lako.

Mdogo wako akupendaye,
Rukaya