Nani Kakuamkia?

Goweko, Tabora
Jumapili mchana

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua imekukuta bado unatafuta miwani. Mgongo unaendeleaje? Mikorosho imeshatoa maua? Na masikio je? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniitikia "eeh, eeh" hata nikikuuliza umekula nini, na hapo ndipo ninapojua hujasikia kitu. Usinikasirikie. Kwenye karatasi tutasikizana.

Mimi mzima, wa mwili angalau. Huku ni msimu wa kukausha tumbaku, kila kitu kinanuka moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia, hata chai. Watu wa hapa ni wema, siwezi kuwasema vibaya. Tatizo lao heshima imezidi. Wazee wa umri wako, wenye mvi mpaka kwenye nyusi, wakifika zahanati wananiamkia mimi: "Shikamoo, daktari." Mwanzoni nilikuwa nakataa, nasema jamani mimi nesi tu, tena mtoto wenu, nawaamkia mimi. Wanacheka, halafu kesho yake yale yale. Nikachoka, nikawa naitikia. Marahaba zahanati, marahaba kisimani, marahaba sokoni nikinunua dagaa. Hakuna upweke kama huo, Baba, kukaa mahali ambapo wewe si mtoto wa mtu yeyote.

Aliyeniokoa ni Mzee Maftaha, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stesheni. Ni mtu wa Tabora mjini, alikuja huku kwa ajili ya mke, mke akafariki, yeye akabaki na cherehani yake na ubao wa sataranji. Siku ya kwanza nilimpelekea sare anipunguzie kiuno, maana nimekonda. Naingia, akaniambia, "Karibu." Na mimi kwa mazoea yangu: "Marahaba."

Akasimamisha cherehani. Akanitazama juu ya miwani.

"Nani kakuamkia?"

Yaani nilitamani ardhi inimeze! Nikasema shikamoo haraka haraka. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Nikasema sijambo, na machozi yakanilenga pale pale. Akajifanya anatafuta futi ya kunipimia.

Tangu siku hiyo nikitoka kazini napitia kwake, ananifundisha sataranji. Ni ndugu ya drafti, ila kila kete ina mwendo wake: kuna mfalme, malkia, farasi, maaskofu, ngome, na askari mbele. Kete zake ni za mninga. Farasi mmoja alipotea zamani, mahali pake kaweka bobini ya cherehani, na usipoangalia hiyo bobini itakumaliza. Mimi nikaona nisiaibike, nikaingia kwenye simu kutafuta namna za kufungua mchezo. Baba, ziko nyingi ajabu! Kuna ya Kiitaliano, ya Kihispania, ya Kifaransa, ya Kisisilia. Leo najaribu hii, kesho ile, na kila siku nafungwa. Mzee akanicheka: "Nchi zote hizo unazunguka, na hapa Goweko hata godoro hujalitoa kwenye nailoni."

Kweli, Baba. Godoro langu bado lina nailoni ya dukani. Nilikuwa nasema sina haja, nitahama karibuni.

Basi nikachagua ya Kiitaliano: unasogeza askari wa mfalme hatua mbili, unatoa farasi, unatoa askofu. Nikaikariri kama sura ya Kurani, nikaenda na kifua mbele. Nikasogeza askari wangu. Yeye akaleta askari wa malkia wake, akamtishia wangu kwa mshazari. Sikuangalia, nikatoa farasi. Akamla askari wangu. Bado sikuangalia, nikatoa askofu, si ndivyo nilivyokariri? Akamla na farasi.

"Umeitikia marahaba tena," akasema. "Nani kakuamkia?"

Tulicheka mpaka mama wa vitumbua akaja kuchungulia. Halafu akaniambia kwa upole kwamba namna niliyochagua ni nzuri kwa anayeanza, nisiiache. Ila kufungua mchezo ni kusalimiana. Unatoa neno, unamsikiliza mwenzako kajibu nini, ndipo unatoa jingine. Mfalme mfiche mapema nyuma ya ngome. Na malkia usikimbilie kumtoa. "Jambo kubwa halitangulii salamu," akasema.

Nadhani umeshanishtukia, Baba. Nazunguka. Nimetoa askari, nimetoa farasi, nimekupa habari za bobini na vitumbua. Sasa nimtoe malkia.

Uhamisho umevunjika. Yule nesi wa huko Newala niliyekuwa nibadilishane naye kituo amejitoa. Mumewe kakataa, anasema Tabora ni mbali. Kama mimi sijui kwamba ni mbali! Kaka Saidi alishaniambia kwamba umepiga chokaa chumba changu na umenunua jogoo ili wakija wageni wa kunipokea pasiwe na aibu. Hilo ndilo limeniuma kuliko uhamisho wenyewe. Siji, Baba. Sijui lini nitapata mwingine wa kubadilishana naye. Nililia, nisikufiche, nikaosha uso, nikarudi kuchoma watoto sindano.

Na Mzee Maftaha hayupo. Bintiye amemchukua mjini, macho yameingia ukungu, sindano ilikuwa inamshinda kutia uzi. Kaniachia ubao. "Nikipona nitakuja kuudai," kasema. Kibanda kimefungwa. Jioni napita pale kwa mazoea ya miguu, nakuta mbuzi wamelala kizingitini. Nikifika nyumbani napanga kete, nacheza weupe na weusi mwenyewe, na nimegundua mtu hawezi kujisalimia.

Jana nimelitoa godoro kwenye nailoni. Usiku nililala vizuri, ila nilipoamka nilikuwa na huzuni.

Nisalimie Kaka Saidi, mwambie huyo jogoo mmle tu, firigisi yangu mnisimulie tu kwa barua. Msalimie shangazi, mwambie asali ya huku nitamtumia nikipata wa kumpa. Na bibi, mwambie bado nasali.

Baba, wewe uliwafunga drafti vijana wote wa mtaa wetu, hili halitakushinda. Nyuma ya karatasi nimekuchorea ubao, na kila kete nimeandika jina lake na mwendo wake. Weupe ndio wanaoanza, nimechukua mimi, kwa kuwa mdogo ndiye huanza kusalimia. Nimesogeza askari wa mfalme hatua mbili.

Ukiandika, usianze na pole ya uhamisho, wala usiniulize nitakuja lini. Niitikie kwanza. Shikamoo, Baba. Na ukijiuliza nani kakuamkia, ni mimi.

Zamu yako.

Mwanao,
Somoe