Mizinga ya Mjomba Ubaldo

Krispini, niombee. Nimenaswa.

Bwana Misitu, yule Mzungu mpya, amekuta mizinga ya nyuki kwenye msitu uliokatazwa. Akaja hapa Kabungu akauliza kwa Kiingereza ni ya nani.

Mimi nikajibu! Lile neno tulilofundishwa darasani jioni, "own". Mwalimu alisema maana yake ni kumiliki, kama baiskeli au nyumba. Nikasimama wima: "I own, sir."

Ni ya mjomba Ubaldo, unajua. Lakini kwetu cha mjomba si ni cha mpwa? Mungu shahidi, sikukusudia uongo!

Mzungu akasema, "Vizuri sana. Jumatatu uende Mpanda kwa DC. Ni jela."

Jela, Krispini!

Nikamkimbilia mjomba aje aseme ukweli. Akanishika bega: "Umesema vema, mpwa wangu. Tangu leo mizinga ni yako kabisa."

Yako kabisa! Mtu aliyeninyima hata asali ya kulamba!

Nimepiga magoti nisali Baba Yetu. Nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi unagoma.